Nenda Nayo Tororo Kwanza

Mara ya kwanza nilipotaka kununua mafuta ya kunukia kwa Hajati, alininyima. Nilikuwa nimeshanusa, nimeshapenda, mkono uko mkobani natafuta noti. Akarudisha kizibo, akaifuta chupa kwa pamba na kuisogeza upande wake wa meza.

"Yamekaa mkononi mwako dakika mbili tu, mwanangu. Nenda nayo Tororo kwanza. Ukirudi jioni ukiwa bado unayataka, tutaongea bei."

Nilikuwa nimemwambia naelekea Tororo, upande wa Uganda, hivyo nilidhani ananitania. Baadaye nikaja kujua kwamba kila mteja mpya hupewa safari yake. Anayekwenda Kisumu huambiwa Kisumu, mwenye kibanda sokoni huambiwa arudi akishafunga. Hajati hakubali mtu achague kwa pua ya asubuhi. Anasema asubuhi mafuta yote ni bwana harusi, mume utamjua jioni.

Duka lenyewe ni kabati la kioo lenye rafu tatu, limeegemezwa ukutani upande wa Kenya wa Busia, hatua chache kutoka msikitini, na mbele yake kiti cha plastiki ambacho mguu wake mmoja umefungwa kwa waya. Rafu ya juu kuna chupa za alumini zinazofika kutoka Dubai kwa mikono mingi: udi, waridi, asumini, zafarani, miski. Rafu ya kati ni michanganyiko yake mwenyewe. Haina majina ya masultani wala ya waigizaji wa filamu, ina namba tu. Ya chini ina chupa tupu, mabomba ya sindano yasiyo na sindano, vijiti vya kioo, vipande vya karatasi ya manila alivyovikata vyembamba kama njiti, na daftari la shule lenye jedwali la kuzidisha nyuma.

Hapimi kwa mililita. Kwake kuna tola, nusu tola na robo tola, ingawa chini ya chupa pameandikwa 12, 6 na 3. Tola ni kipimo cha masonara wa Kihindi, gramu 11.66, na tola moja ya mafuta hujaza karibu mililita kumi na mbili. Pwani neno hilo ni la kawaida kwa dhahabu na kwa udi. Huku Busia wachimbaji wa Tiira, upande wa Uganda, huuza dhahabu yao kwa gramu na sehemu za gramu, na wakimsikia Hajati akisema "robo tola" hucheka wakidhani kikongwe amechanganya biashara.

Mimi ni wakala wa forodha. Kazi yangu ni kujaza makaratasi ya mizigo ya watu wengine, na ukikaa sana kwenye kazi hiyo unaanza kuiona dunia kwa vichwa vya kitabu cha ushuru. Mafuta asilia ya mimea yako kichwa 33.01. Vitu vya kunukia vilivyochanganywa kuwa malighafi viko 33.02. Manukato yaliyo tayari kupakwa yako 33.03. Siku moja nilimtazama Hajati akivuta mafuta ya waridi kwa bomba, akayachanganya na sandali, akayatia kwenye chupa ya roli na kuibandika namba. Nikaona kwamba katika robo saa, bila kuinuka kitini, ameyavusha vichwa vyote vitatu. Nilipomweleza, aliuliza kama anadaiwa kitu.

Akina mama wa nyanya na samaki wana kile cheti rahisi cha Jumuiya ya Afrika Mashariki, cha bidhaa zisizozidi dola 2,000. Yeye hakimsaidii, maana kinataka bidhaa iwe imezaliwa ndani ya Jumuiya, na udi haukuzaliwa Busia. Unatoka kwenye miti ya Asia ya kusini-mashariki iliyougua: ukungu unaingia ndani ya mti, mti unajitetea kwa kutoa utomvu mweusi, na utomvu huo ndio tunaofukizia nguo. Mti mzima wa afya hauna harufu ya kumsimamisha mtu.

Turudi kwenye kuchanganya, maana hapo ndipo nilipojifunza kunyamaza.

Hajati huanza na kile kitakachobaki mwisho. Anatonesha sandali kwanza, akihesabu midomo ikicheza bila sauti. Siku ninayoikumbuka vizuri zaidi alitaka matone ishirini ya sandali, sita ya waridi, mawili ya udi na moja la karafuu. Udi wake ni mzito. Asubuhi ya baridi hautoki bombani hata ukiusukuma, kwa hiyo huilaza chupa chini ya kwapa, juu ya leso, akiendelea na mazungumzo. Kila baada ya kutonesha huingiza kijiti cha kioo, hugusa karatasi ya manila, huandika kwa penseli dakika na saa, halafu huibana karatasi kwenye ufa wa kabati. Kabla ya saa nne ule ufa huwa na karatasi nyingi kama manyoya ya ndege.

Karafuu ikaja. Mafuta yake ya karafuu ni ya Pemba, ambako hukenekwa hata kutokana na makonyo yale ambayo mkulima mwingine angeyatupa. Ni mafuta yenye nguvu, sehemu yake kubwa ni eujeno, kile kile anachokitumia daktari wa meno, na ngozi nyingi hazikipendi. Hajati aliinamisha bomba, na badala ya tone moja yakaanguka mawili.

Nilitarajia aseme kitu. Hakusema. Aliweka bomba chini, akanawa mikono, akakaa. Kisha akafungua daftari na kuandika upya: sandali arobaini, waridi kumi na mawili, udi manne, karafuu mawili. Tone likishaanguka huwezi kulitoa. Unachoweza ni kuikuza nyumba iliyobaki mpaka yule mgeni aonekane ni mwenyeji. Chupa iliyokuwa ijae nusu ikajaa hadi shingoni, na udi alioutumia siku hiyo, kwa bei ya udi, ulikula faida ya wiki. Alipomaliza aliifunga, akaifunika kwa kitambaa cheusi na kuiweka kwenye sanduku la bati chini ya kiti, pamoja na nyingine zinazolala humo. Nikauliza inatoka lini.

"Ikinyamaza."

Hapo nilidhani ni maneno ya kizee. Lakini nimenusa mchanganyiko mmoja siku ulipochanganywa na tena wiki ya tano. Siku ya kwanza unasikia watu wanne wakizungumza kwa pamoja. Wiki ya tano kuna mtu mmoja, na huwezi kukumbuka vizuri wale wanne walikuwa akina nani.

Safari ya Tororo sasa nimeifanya na chupa karibu zote za rafu ya kati. Nampa mkono saa mbili asubuhi, ananipaka ndani ya kiwiko na nyuma ya masikio, haruhusu nisugue. Kusugua kunaipasha ngozi joto na kuyafukuza mafuta mepesi kabla ya wakati wake. Halafu navuka mpaka kwa miguu.

Kabla ya kituo cha pamoja cha mpakani, ambacho marais wawili walikizindua tarehe 24 Februari 2018, ulikuwa unapanga foleni kutoka Kenya, kisha unapanga nyingine kuingia Uganda, na mafuta yalikuwa yanafikia moyo wake ukiwa bado umesimama. Siku hizi unahudumiwa unakoingia tu. Kwa biashara ni heri kubwa. Kwa mtu anayejaribu mafuta, imebidi ajifunze kunusa haraka.

Vinavyotoka kwanza ni vyepesi: limau, chungwa, mrehani. Hivyo hupotea kabla taxi haijajaa upande wa Busia ya Uganda, na taxi ya Tororo hujaa polepole. Ukishakaa ndani, magunia ya dagaa wa mukene juu ya paa, dizeli chini, kuku miguuni, unadhani hakuna mafuta yanayoweza kusema kitu hapo. Hapo ndipo mafuta yanapoishinda ile pafyumu ya kupuliza. Spiriti inaporuka hubeba kila kitu kwa mkupuo na kumpiga aliye mlango wa pili. Mafuta hayana haraka hiyo. Yanakaa juu ya ngozi na kuachiliwa na joto la mwili kidogo kidogo, hayaendi mbali, na anayeyapata ni yule aliyebanwa bega kwa bega nawe. Taxi ya watu watano kwenye kiti cha watatu ndiyo ukumbi wake. Namba 7, yenye waridi na pilipili manga, niliijua vizuri kupitia mwanamke mwenye gauni la gomesi aliyesinzia begani mwangu njia nzima, akaamka na kuuliza nani kabeba maua.

Karibu na Tororo, mwamba ukiwa umeshaonekana zamani, maana ule mwamba huonekana kabla ya mji wenyewe, waridi limechoka na chini yake panaanza kujitokeza udi. Hii ndiyo saa ninayoipenda. Mji una vumbi la saruji, wametengeneza saruji hapo tangu enzi za mkoloni, na vumbi hilo lina harufu kavu inayokaa puani. Mafuta mengine hufia humo. Namba 4, ambayo asubuhi ilinichosha kwa utamu, ilifika Tororo ikapata vumbi, na utamu ukakunja mikono. Namba 11 nilikuwa nimeshaamua kuinunua. Saa nane mchana ikawa inanuka kama dawa ya kuua mende. Ninasema inanuka, wala si inanukia. Lugha yetu imeweka herufi moja kati ya hayo mawili, na Hajati huweka tone moja.

Ana makatazo yake. Hampaki mafuta ya bergamot mtu anayepanda boda, kwa sababu ndani yake kuna kitu kinachogombana na jua na kuacha madoa meusi shingoni kwa miezi. Hapaki mdalasini mbichi kwa yeyote. Ukiona kahawa mezani kwake ni ya kunywa. Wauza pafyumu wengi hukupa mbegu za kahawa unuse ili pua ipumzike, na yeye huona hilo ni kuiongezea pua kazi: "Nusa kiwiko chako ambacho hakijapakwa. Pua inakijua, haishughuliki nacho." Nimejaribu yote mawili. Kiwiko kinashinda.

Kuhusu sandali nilimbana kidogo, kwa sababu ya kazi yangu. Msandali wa kwetu, unaoota kwenye nchi kavu kama Samburu, Baringo na Pokot, umeumizwa vibaya. Mafuta mengi yako kwenye mizizi na chini ya shina, hivyo wavunaji hawakati tawi, wanang'oa mti mzima, na hupendelea miti ya kike. Kenya ilipiga marufuku uvunaji wake mwaka 2007, na mwaka 2013 mti huo ukawekwa kwenye orodha ya mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini kwa nchi za Afrika Mashariki. Hata hivyo umeendelea kuvushwa kimagendo kuingia Uganda, chini ya shehena zenye makaratasi safi. Makaratasi hayo huandikwa na watu wa kazi yangu.

"Ya kwako ni ya mti gani?" nilimuuliza.

"Hayana mti. Ni ya maabara." Akaigeuza chupa nione. "Ya mti nilikuwa nayo. Ilikwisha, sikununua tena."

Wako watakaoona aibu kwamba fundi anatumia sandali ya maabara. Mimi naona ufundi hapo hapo. Sandali ya kweli ina maziwa na ukuni ndani yake kwa wakati mmoja, ile ya maabara ina ukuni bila maziwa. Maziwa ameyarudisha yeye kwa njia yake, na njia hiyo haiko kwenye daftari. Nimelisoma daftari lote akiwa kwenye swala. Ananisamehe, natumaini.

Kazi iliyomchosha zaidi niliileta mimi. Nilitaka mvua. Ile ya kwanza, inayoanguka Tororo baada ya wiki za kiangazi. Wahindi wa Kannauj wameiweka kwenye chupa kwa muda mrefu: huchukua udongo uliochomwa, huutia kwenye chungu cha shaba chenye maji, huziba mdomo kwa tope, na mvuke hupita kwenye bomba la mwanzi hadi chombo cha pili kilichokaa ndani ya maji, chenye mafuta ya sandali yanayousubiri. Wanasayansi wawili wa Australia, Isabel Joy Bear na Richard Thomas, walipoipa harufu ya mvua jina la petrikori mwaka 1964, hawakuisahau kazi hiyo ya Wahindi. Sehemu moja ya harufu hiyo ni jeosmini, inayotengenezwa na bakteria wa udongoni, na pua ya binadamu huikamata hata ikiwa sehemu chache tu katika trilioni. Ndiyo hiyo hiyo inayompa kambare ladha ya tope.

Hajati alikuwa na robo tola ya mafuta hayo ya udongo. Tulinusa. Ilikuwa mvua kabisa, ila ya nchi nyingine. Ilikuwa na chungu, haikuwa na barabara.

Akaniagiza kipande cha tofali la Tororo. Nililivusha kwa kopo la maziwa ya unga, maana kavera, mfuko wa plastiki, haingii Kenya tangu mwaka 2017 na mtu wa forodha hapaswi kukamatwa kwa kavera. Akaliweka juani siku mbili juu ya bati. Siku ya tatu akalimwagia maji ya vidole, akainama, akafunga macho. Alifanya hivyo asubuhi nzima. Likikauka analirudisha juani, analimwagia tena. Wateja walikuja, wakamkuta bibi analinusa tofali, wakasubiri.

Jaribio la kwanza aliweka pachuli nyingi, likatoka chumba kilichofungwa mwaka mzima. La pili alitumia mizizi ya vetiva, likatoka kambare. Ziwa haliko mbali, akasema, labda tofali limelikumbuka. La tatu ni yale mafuta ya Kannauj, vetiva kidogo sana, na tone la kitu ambacho hakutaka nikijue, na hilo lilinisimamisha. Kwa dakika kama tatu nilikuwa nje ya stesheni ya Tororo, matone makubwa yakichimba vumbi. Dakika ya nne ikageuka sandali tamu. Yupo kwenye dakika ya nne hadi leo. Amesema hana haraka, na mimi nimeacha kuuliza.

Sijasema habari ya miski. Nilinunua kwake miski nyeupe, namba 2, kwa sababu kila mtu aliyekuwa amekaa pale aliisifu. Nikapaka. Hakuna kitu. Nikapaka tena. Maji yana harufu zaidi. Nilikwenda Tororo nayo na kurudi nikiwa nimekasirika, nikamwambia chupa hii haina kitu, nimeuziwa mafuta matupu. Sikutumia sauti ya chini.

Hakubishana. Alimwita kijana wa boda aliyekuwa ameegemea pikipiki yake ng'ambo ya barabara.

"Njoo umnuse mama mkono, usimshike."

Kijana aliona haya, akainama. "Ni kama nguo zimetoka juani," akasema. "Na kitu kama ngozi ya mtoto. Hii ni bei gani?"

Akamwita mama wa mandazi. Naye akapata nguo, akapata mtoto. Mimi nikanusa tena mkono wangu, nikapata mkono wangu. Hajati akanieleza taratibu, bila ushindi usoni, kwamba wako watu wengi ambao pua zao hazisikii miski fulani. Wanasikia kila kitu kingine vizuri kabisa, na kwa hiyo moja wamezaliwa wamefungiwa mlango. Yeye mwenyewe ana moja asiyoisikia. Anaitumia kwenye namba 9 kwa kuhesabu matone na kuwauliza wajukuu.

Niliwaza sana habari hiyo ya namba 9, kwamba inayouzwa kuliko zote kwenye lile kabati imejengwa juu ya kitu ambacho fundi wake hajawahi kukinusa.

Sikuirudisha namba 2. Ilipokwisha nilinunua nyingine, nusu tola safari hii, na ndiyo ninayoipaka siku za kazi ndefu. Nikipaka asubuhi najua imekaa kwa sababu tu nimeiona ikimeremeta kiwikoni. Jioni nikitoka Tororo nikishuka mpakani, yule kijana hunipeleka nyumbani, na kabla sijapanda humnyooshea mkono.

"Bado ipo?"

Anainama kidogo, helmeti ikiwa kwapani.

"Ipo, mama. Leo imekuja na saruji."

Nampa pesa yake, tunaondoka.